Kiraka Juu ya Mto

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na vijana wa chumba cha karatasi, tulikokuwa tukitengeneza hati kuukuu, wameniomba niwaandikie nilivyoanza. Nadhani walitaka habari za gundi na brashi. Zimo. Habari za vyeo na mishahara sitoziandika, maana vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua. Nnaandika nyumbani kwangu Michenzani, karibu na dirisha, na nimeamua kutulia zaidi kwenye kazi ya kwanza iliyonitisha. Nyingine zote nilizifanya nikiwa nshajua kwamba karatasi inaweza kumtisha mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa msichana aliyemaliza skuli na anayesubiri kuolewa. Baba yangu alikuwa mvuta makasia bandarini. Meli kubwa zikitia nanga mbali, na yeye na wenzake wakiwapeleka abiria kwa mashua. Mama akishona kofia. Hakuna aliyenitarajia niende kazini. Kazi ilikuja yenyewe, kwa sababu ya ngazi. Bwana Kaetano, Mgoa aliyekuwa na duka la fremu Mji Mkongwe, alikuwa pia akitengeneza picha na vitabu vilivyoliwa na wadudu. Picha nyingi za majumba makubwa zilitundikwa juu, kwenye vyumba vya wanawake, na mwanamme wa nje hapandi huko. Alihitaji mwanamke wa kupanda, kuteremsha picha, kuifunga vizuri na kuileta dukani. Akamuuliza baba, waliyejuana naye kwa safari za melini. Baba alifikiri siku kadhaa, kisha akakubali, maadamu mke wa Kaetano anakaa dukani siku zote na mimi niwe nyumbani kabla ya magharibi.

Siku ya kwanza Bwana Kaetano alinipa karatasi tupu akaniambia niitazame.

"Unaona nini?" akaniuliza mchana.

"Karatasi tupu, Bwana Kaetano."

"Basi nenda nyumbani, urudi kesho."

Nilirudi na kuitazama tena, mpaka nilipoiinua dirishani nikaona mistari myembamba ndani yake, kama mbavu za samaki, iliyoachwa na waya za chekecheo ilimotengenezwa karatasi. Nilipomwonyesha akanipa brashi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Alinifundisha kupika gundi ya unga wa ngano na kuichuja kwa kitambaa, kwani bonge moja likibaki, karatasi italikumbuka muda mrefu kuliko wewe. Alinifundisha kulaza karatasi kwa kibao cha mfupa bila kuacha mng'aro. Na alikuwa na kanuni moja ambayo nimewarithisha nyote: usiulize picha inaonyesha nini, uliza ilitundikwa ukuta gani. Nyumba zetu za mawe na chokaa hutoka jasho, na karatasi hulinywa jasho hilo.

Mwaka wangu wa pili, wakati wa kaskazi, joto likiwa kali na kuta zote za mji zimekauka, alinituma nyumba moja ya Kajificheni. Mwenye nyumba alikuwa Bi Thuwaiba, mjane mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili, aliyekuwa akiuona mwanga na vivuli tu. Alikaa na Zulfa, binti wa ndugu yake, ambaye pia alikuwa mke wa mwanawe.

Zulfa ndiye aliyenipokea. Nilimkisia miaka thelathini hivi, mrefu, sauti ya chini. Akanipandisha mpaka chumba cha mwisho, chumba kirefu chenye vidaka ukutani na boriti nyeusi juu. Bi Thuwaiba alikuwa amekaa kwenye kiti, ameukabili ukuta.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Kaetano? Njoo uitazame miji yangu."

Zilikuwa picha za kuchongwa, za zamani sana, zile ambazo fundi huchonga mistari juu ya bamba la shaba, akapaka wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Mumewe alizinunua mnadani, Mzungu mmoja aliporudi kwao. Zote zilikuwa miji ya mitoni yenye kuta nene na buruji za pembe kali kama nyota, na zote zilikuwa vitani. Mizinga ilitoa moshi, nyumba ziliwaka, watu wadogo kama sisimizi walikimbilia madaraja. Moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Mji wake ulikuwa ng'ambo ya mto mpana, na ndani ya kuta kulikuwa na minara ya misikiti. Kibandiko cha jina la mji kilikuwa kimeliwa chote. Katikati ya mto palikuwa na doa kubwa la rangi ya kahawa.

"Hiyo," akasema Bi Thuwaiba, ijapokuwa sikuwa nimeonyesha kitu. "Mwambie Kaetano asafishe pale mtoni. Yule mtu hapati pumzi."

"Mtu gani, Bi?"

"Yumo mashuani, peke yake. Pale kwenye doa."

Nilikaribia. Sikuona mtu wala mashua, niliona doa tu, na mistari ya mawimbi chini yake. Nikamtazama Zulfa. Akatazama sakafu.

Nilipoishika fremu ili niiteremshe, mkono wangu ulilowa. Mgongo wa picha ulikuwa umetota, na maji yake yalikuwa baridi. Nikakumbuka kanuni ya Bwana Kaetano, nikaupapasa ukuta. Ulikuwa mkavu, wa joto, chokaa yake ikatoka kama unga kwenye vidole vyangu. Ulikuwa ukuta wa ndani, baina ya chumba na chumba. Picha nyingine zilizotundikwa hapo hapo zilikuwa kavu.

"Ukinyamaza utayasikia," akasema Bi Thuwaiba.

Nilinyamaza. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba nilisikia kitu kama maji yanayopiga ubao, polepole, yakirudi na kuondoka.

"Ni bomba la jirani hilo," Zulfa akasema haraka.

Nilipotoka nje niliitazama nyumba ya jirani. Lilikuwa gofu, halina paa, na mpapai umeota sebuleni.

Kabla sijatoka, lakini, Zulfa alinishika mkono kwenye ngazi akaniambia habari yote, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingojea pa kuisemea. Mumewe, Seif, mtoto wa pekee wa Bi Thuwaiba, alikwenda vitani Burma. Alikuwa dereva. Ilikuja habari kwamba amepotea kwenye kivuko cha mto. Haikusema amekufa, ilisema amepotea. Vita vikaisha, waliorudi wakarudi, wengine wakapita nyumbani kusalimia, na hakuna aliyemwona akianguka. Bi Thuwaiba akakataa mwanawe asomewe khitma ya maiti. Mtoto wake hajafa, akasema, yuko mtoni. Macho yalipoanza kupotea akahamia chumba kile, mbele ya mji ule wenye minara, kwa sababu Seif akipotea ataelekea panapoadhiniwa.

"Nikienda kwa kadhi ataniachisha, nikae eda, niwe huru," Zulfa akasema. "Watu wote wananiambia. Yupo na mtu amenisubiri, mwalimu wa Chukwani, mtu mzima, mpole. Lakini nikienda kwa kadhi nitakuwa nimemzika mtoto wa shangazi yangu na mamake yuko juu anamsikiliza. Siwezi."

"Na yule mtu wa kwenye doa?"

"Hapana mtu. Ile picha ilinunuliwa na doa lake, kabla macho ya shangazi hayajaharibika. Hakuna aliyewahi kuona kitu pale." Akauachia mkono wangu. "Lakini ukimwona, niambie mimi kwanza."

Bwana Kaetano aliipokea picha, akaigeuza, akaunusa mgongo wake. Nilimweleza habari ya ukuta. Hakusema kwamba nimekosea, akaniuliza tu kama niliupapasa kwa kiganja au kwa vidole. Tukatoa misumari, tukaitoa karatasi, tukailaza juu ya kitambaa ndani ya sinia pana la maji ya mvua. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, karatasi kuukuu inapolegea majini na kutoa umanjano wake kama chai. Safari hii sikuipenda. Harufu iliyopanda haikuwa ya vumbi wala ya gundi. Ilikuwa ya tope, na majani yaliyooza, na maji yasiyo na chumvi, mengi. Mimi nilizaliwa kisiwani, sikuwahi kuuona mto mkubwa, na harufu ile sikuijua. Miaka mingi baadaye nilisafiri bara kwa kazi, tukavuka Rufiji, na katikati ya mto nikainusa tena ile ile, nikakaa chini pale pale, abiria wenzangu wakidhani naumwa.

Tulibadilisha maji mara nyingi. Doa likapungua. Asubuhi iliyofuata, nilipokuwa nikimwaga maji mapya pembeni ya sinia, kipande kidogo cha karatasi kikanyanyuka katikati ya mto, kikaelea. Nikadhani nimeichana.

"Usiguse," akasema Bwana Kaetano.

Akakinyanyua kwa ubapa wa kibao cha mfupa. Kilikuwa kiraka. Mtu fulani, zamani sana, alikata karatasi ya aina ile ile, akachora mawimbi juu yake kwa wino, mstari kwa mstari, akakibandika juu ya mto. Ilikuwa kazi nzuri mno. Lile doa ndilo lililoficha kingo zake. Na chini yake, wino ukiwa mweusi kama wa jana kwa sababu haukuwahi kuona jua, palikuwa na mashua ndogo, na ndani yake mtu mmoja.

Tulitazamana. Bwana Kaetano akachukua kioo cha kukuzia, akaichunguza sehemu ile kwa muda mrefu, akiinama upande huu na upande ule.

"Kiraka huwekwa penye tundu," akasema. "Hapa hapana tundu. Karatasi ni nzima."

"Basi kwa nini wakaweka?"

"Walichoka kumwona."

Akakiweka kiraka baina ya karatasi mbili za kunyonya wino, akakibana chini ya jiwe, akaenda mbele kuzungumza na mkewe. Siku ile hakurudi tena chumba cha nyuma.

Nilibaki na kioo. Mtu mwenyewe alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, uso wake mistari michache tu. Sitowaambia kwamba alifanana na mtu yeyote. Lakini uso ulikuwa umeelekea upande wetu, ukingo wa mtazamaji, na nilifurahi, nikasema moyoni kwamba anakuja. Kisha nikaiona mikono yake. Ilikuwa imenyooshwa mbele, na kila mmoja umeshika kasia.

Mimi ni mtoto wa mvuta makasia. Mwenye mtumbwi hupiga kafi akiwa ameelekea anakokwenda. Mvuta makasia hukaa kinyume: mgongo wake huwa kule aendako, na macho yake kwa wale anaowaacha. Utotoni nilikuwa nikisimama pwani nikimpungia baba mkono, naye akinitazama muda wote, na bado akizidi kuwa mdogo.

Picha ilikauka, ikanyooshwa, ikatiwa fremu. Kiraka Bwana Kaetano alikitia ndani ya bahasha akakifunga mgongoni mwa picha, kwa sababu alichokitoa fundi si chake kukitupa. Akaniuliza kama nataka twende pamoja mpaka mlangoni. Nikamwambia nitakwenda peke yangu, na njia nzima ya Kajificheni nikajuta.

Zulfa alikuwa amesimama chini ya ngazi.

"Yumo?" akauliza.

"Yumo."

Akaushika ukuta. "Anakuja au anakwenda?"

Nilimwambia nitasema juu, mbele yao wote wawili. Hakunibembeleza. Alinitangulia ngazini, na kila akikanyaga daraja alisimama kidogo, kama mzee.

Bi Thuwaiba alikuwa pale pale, ameukabili ukuta mtupu. Niliiweka picha juu ya magoti yake. Akaipitisha mikono juu ya kioo, kisha akaipandisha picha usoni kama mtu anayetaka kuona, akaishusha.

"Nieleze wewe, mwanangu. Yumo?"

"Yumo, Bi. Peke yake mashuani, kama ulivyosema."

"Uso umeelekea wapi?"

"Umetuelekea sisi."

Uso wake ulifunguka. Sijapata kuona furaha ya namna ile kwa mtu mzima. Zulfa alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Akalishusha chini polepole, kikombe kisilie, akabaki ameinama. Kama ningenyamaza hapo nisingekuwa nimesema uongo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ningeweza kuteremka ngazi na kumwachia kila mtu alichokuwa nacho.

"Lakini, Bi," nikasema, "hapigi kafi. Anavuta makasia, mawili, moja kila mkono."

Yale maji niliyoyasikia mara ya kwanza sikuyasikia. Nilisikia muuza kashata akipita chini njiani, na kunguru.

"Mgongo wake uko wapi?" akauliza Bi Thuwaiba.

"Mjini, Bi. Kwenye minara."

Alipapasa ukingo wa fremu, mwanzo mpaka mwisho. Nilidhani atanifukuza.

"Nilipokwenda Hija," akasema, "mashua ilitupeleka melini. Mimi nikiitazama meli, roho juu. Yule mvutaji akiitazama Unguja tu, mpaka tukafika. Nikamwambia, una bahati wewe, mimi nshaipa mgongo." Akaurudisha mkono juu ya kioo. "Basi alikuwa akinitazama mimi."

"Naam, Bi."

"Muda wote huu alikuwa akinitazama mimi."

Zulfa ndiye aliyelia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio cha mama, na nilidhani mke atashusha pumzi. Lakini aliketi sakafuni akalia mpaka buibui lililomwanguka mabegani likatetemeka, akisema "Seif, Seif," jina ambalo Bi Thuwaiba baadaye alisema hakuwahi kumsikia akilitamka kwa sauti tangu habari ile ifike. Kumbe naye alikuwa akimngoja. Alikuwa akimngoja kwa siri, hata na mwalimu wa Chukwani akiwa amesubiri. Bi Thuwaiba alinipa picha niishike, akateremka kitini kwa kupapasa, akamfikia, akakiweka kichwa chake mapajani.

"Kesho kamwite kaka yako akupeleke kwa kadhi," akamwambia. "Na mimi ntakuja. Ntasema mwenyewe kwamba mwanangu amevuka."

Seif akaswaliwa swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, wakasoma khitma, nyumba ikajaa watu na harufu ya udi. Zulfa alikaa eda yake, kisha akaolewa na yule mwalimu, akahamia Chukwani. Siku ya harusi Bi Thuwaiba alikaa mahali pa mama wa bibi harusi na hakumwachia mtu. Ile picha niliitundika mwenyewe ukumbini kwa wageni, na kila nilipokwenda kuipapasa mgongo, ilikuwa kavu kama biskuti. Bwana Kaetano alifurahi kusikia hivyo. Akasema pengine ulikuwa ukuta tu, nami niliupapasa vibaya. Aliyasema hayo bila kunitazama.

Nilifanya kazi naye mpaka alipofunga duka na kurudi kwao, kisha nikaingia serikalini, na hayo mengine mnayajua kuliko mimi. Katika mikono yangu zimepita hati, ramani, misahafu iliyoandikwa kwa mkono na majarida ambayo wadudu walikuwa na haki ya kuyala. Sijapata tena kufungua karatasi ikaninukia mto. Lakini mpaka wiki ya mwisho ya kazi, kila nilipokutana na kiraka kwenye karatasi nzima, nilimwita mtu aje akae karibu yangu kabla sijakitia maji. Nyinyi mlidhani nnataka kuwafundisha.

Bi Thuwaiba alifariki kabla ya miaka ya hamsini kwisha. Aliumwa kidogo tu. Zulfa alikuwa amekuja kulala naye, akamwamsha kwa swala ya alfajiri, akamkuta amekwisha kwenda, amelala chali, mikono kifuani, uso umetulia. Nilikwenda matangani. Siku ya tatu, wanawake walipopungua, Zulfa alinivuta kando, barazani, akaniambia kitu ambacho hakumwambia hata mumewe. Alipofunua shuka ili amnyooshe, aliiona miguu ya shangazi yake. Ilikuwa imetota mpaka vifundoni, na baina ya vidole palikuwa na tope. Sakafu ilikuwa kavu. Ngazi zilikuwa kavu. Mlango wa nje ulikuwa na komeo lake.

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Nikaleta maji nikaiosha mwenyewe, kabla waoshaji hawajafika," akasema. "Nilipomaliza nikaifuta kwa kanga yangu, nikamfunika. Sikutaka mtu amuulize alikokuwa."

Tukakaa pale barazani, wawili, mpaka wakatuita kula.